Nani Aliyeandika Noti Hizi?

Masomo ya Watu Wazima kwa Redio: Kusoma na Kufikiri

(Maneno haya yalisomwa redioni na Ofisa wa Elimu. Yamepigwa chapa hapa ili wanafunzi wayasome tena polepole, peke yao au pamoja na mwalimu. Maneno magumu na maswali yako mwisho wa somo.)

 

Leo nataka kuwaelezeni jambo moja linalomhusu kila mtu anayejua kusoma, nalo ni hili: maneno yaliyopigwa chapa yanatoka wapi? Mtu aliyejifunza kusoma akiwa mzima huwa na heshima kubwa kwa chapa. Akiona jambo limo kitabuni, husema, "Limeandikwa," na maneno yanaishia hapo. Heshima hiyo ni njema. Lakini kabla ya kitabu kuwa kitabu, mikono mingi hupita juu yake, na msomaji mzuri hujifunza kuuliza ni mikono ya nani.

Mfano wangu wa leo nimeuchukua mbali, katika muziki wa Ulaya. Nimeuchagua kwa sababu katika muziki jambo hili husikika kwa masikio. Mkono mmoja ukibadilisha karatasi, ukumbi mzima husikia.

Muziki unavyoandikwa

Kwetu sisi, nyimbo nyingi hupita kutoka kinywa hadi sikio. Ulaya nako ziko nyimbo za namna hiyo. Lakini muziki wao mkubwa, ule unaopigwa na watu 80 au 100 walioketi pamoja, huandikwa kwa alama ziitwazo noti. Msidhani nasema noti za fedha. Noti hizi ni vidoto vyenye mikia, vilivyopangwa juu ya mistari mitano. Kila kidoto humwambia mpigaji: piga sauti hii, kwa muda huu, kwa nguvu hizi. Kundi hilo la wapigaji huitwa okestra, na muziki mrefu uliotungwa kwa ajili yake, wenye sehemu nne mara nyingi, huitwa simfoni.

Mtungaji huandika kwanza kwa mkono wake mwenyewe. Kisha mnakili huandika nakala safi. Kutoka nakala hiyo huandikwa karatasi za wapigaji, kila mtu na yake. Wapigaji wakijaribu muziki, makosa huonekana, na mabadiliko huandikwa kwa kalamu ya risasi. Mwisho huja mpiga chapa. Basi mtungaji akiisha kufa, pengine huachwa karatasi za aina nne au tano za muziki uleule, nazo hazipatani.

Labda mtaelewa vizuri zaidi kwa mfano wa barua. Tuseme bibi mmoja anamwandikia mwanawe aliye mbali. Anaandika Jumatatu. Jumanne anaisoma tena, anafuta maneno ya ukali. Jumatano mjomba anamwambia, "Usimtajie habari ya ng'ombe aliyekufa, utamtia huzuni," naye anayaondoa maneno hayo. Alhamisi kijana anayeinakili kwa mwandiko mzuri anaongeza salamu zake mwenyewe. Miaka mingi baadaye wajukuu wanakuta karatasi zote sandukuni. Ipi ndiyo barua ya bibi? Ile ya Jumatatu, aliyoiandika moyo ukiwa moto? Ile ya Jumanne, aliyoitengeneza kwa hiari yake? Ile ya Jumatano, aliyoikata kwa shauri la mtu? Au ile iliyopelekwa posta?

Kazi ya kujibu swali kama hilo ndiyo kazi ya mhariri. Sasa tumwangalie mtungaji mmoja ambaye amewapa wahariri kazi kubwa sana.

Mwalimu wa shule aliyetunga simfoni

Jina lake ni Anton Bruckner. Alizaliwa mwaka 1824 katika kijiji cha Ansfelden, nchini Austria. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule, naye mwenyewe alianza maisha kama mwalimu msaidizi wa vijijini. Baadaye akawa mpiga kinanda wa kanisa kuu la mji wa Linz.

Wanafunzi wa watu wazima wanapaswa kumjua mtu huyu. Mwaka 1855, alipokuwa na umri wa miaka karibu 31, alianza masomo ya utungaji kwa mwalimu Simon Sechter aliyekaa mji wa Vienna. Sehemu kubwa ya masomo hayo ilikuwa kwa barua, na ilidumu mpaka mwaka 1861. Mchana alifanya kazi yake, na katika nafasi aliyobakiwa nayo alifanya mazoezi na kuyatuma Vienna yasahihishwe. Mwaka 1868 akahamia Vienna kufundisha katika chuo cha muziki.

Bruckner alikuwa mtu mnyenyekevu, mwenye kutaka sana kukubaliwa na watu waliomzidi elimu au cheo. Alikuwa tayari kusahihishwa. Tabia hiyo ilimsaidia kujifunza, na tabia hiyohiyo ndiyo iliyoleta matata katika vitabu vyake.

Andiko la kwanza na andiko la pili

Mwaka 1887 Bruckner alimaliza simfoni yake ya nane, muziki wa zaidi ya saa moja. Akaupeleka kwa furaha kwa Hermann Levi, kiongozi wa okestra mjini Munich, mtu aliyempenda na kumwamini sana. Levi aliisoma, akashindwa kuielewa. Aliogopa hata kumwambia Bruckner mwenyewe, akamwandikia kwanza Josef Schalk, mmoja wa wanafunzi wa Bruckner, ampelekee habari.

Bruckner alivunjika moyo sana. Lakini hakuitupa simfoni. Aliketi tena na kuiandika upya, kazi iliyoisha mwaka 1890. Alipunguza kurasa, akabadilisha vyombo, na akageuza hata namna sehemu ya kwanza inavyokwisha. Katika andiko la 1887 sehemu hiyo inaisha kwa sauti kubwa, okestra nzima ikivuma. Katika andiko la 1890 inazimika polepole, mpaka inakuwa kimya. Mnaona, ndugu zangu, haya si mambo ya nukta na mkato. Mwisho wa kishindo na mwisho wa kimya ni habari mbili mbalimbali.

Simfoni hiyo ilipigwa chapa mwaka 1892, nayo chapa hiyo ilikuwa na mabadiliko mengine tena, yaliyotiwa na wanafunzi wake. Tarehe 18 Desemba mwaka uleule ilipigwa Vienna kwa mara ya kwanza, na watu wakaishangilia sana. Kwa hiyo watu wale walisikia chapa ya tatu ya mambo: si ile aliyoiandika kwanza, wala hasa ile aliyoiandika mara ya pili.

Je, andiko la pili ni bora kwa kuwa mtungaji alilifikiri zaidi? Au la kwanza ndilo la kweli, kwa kuwa lilitoka moyoni mwake kabla ya kuvunjwa moyo? Msijibu upesi. Wataalamu wamebishana juu ya hilo miaka mingi.

Mikono ya marafiki

Sasa tuje kwa marafiki. Ndugu wawili, Josef na Franz Schalk, pamoja na Ferdinand Löwe, walikuwa wanafunzi wa Bruckner. Walimpenda. Walitaka muziki wake upigwe, na waliona kwamba wasikilizaji wa siku zile waliuona mrefu na mgumu. Basi wakaanza kuurahisisha. Mara nyingine Bruckner alijua na kukubali. Mara nyingine mambo yalikuwa vingine.

Mwaka 1894 Franz Schalk aliongoza simfoni ya tano katika mji wa Graz. Alikuwa amebadilisha vyombo mahali pengi, amekata zaidi ya vipimo 100 katika sehemu ya mwisho, na ameongeza kundi la tarumbeta na vyombo vingine vya shaba, pamoja na matoazi, ili mwisho uwe na kishindo. Bruckner alikuwa mgonjwa, hakuweza kusafiri. Alifariki tarehe 11 Oktoba 1896 bila kuisikia simfoni hiyo ikipigwa na okestra hata mara moja. Mwaka huohuo wa 1896 ndipo ilipopigwa chapa, nayo ilichapwa kwa namna ya Schalk, jina la Bruckner likiwa juu yake.

Simfoni ya tisa aliiacha haijaisha. Sehemu tatu zilikuwa tayari, ya nne ilikuwa bado. Mwaka 1903 Löwe aliziongoza sehemu hizo tatu mjini Vienna, na zikapigwa chapa. Lakini Löwe alikuwa amelainisha sauti zilizoonekana kali na kubadilisha vyombo, na chapa haikumwambia msomaji kwamba mabadiliko hayo yalikuwa ya mkono wa Löwe. Kwa miaka 29 watu walisikiliza wakidhani wanamsikia Bruckner peke yake.

Hatimaye, tarehe 2 Aprili 1932, katika mji wa Munich, kiongozi Siegmund von Hausegger alifanya jambo la busara. Aliwaalika wasikilizaji, na katika kikao kimoja akaipiga simfoni ya tisa mara mbili. Mara moja aliipiga kama ilivyopigwa chapa na Löwe, na mara nyingine kama ilivyo katika mwandiko wa Bruckner. Watu wakasikia tofauti kwa masikio yao wenyewe. Muziki waliokuwa wakiambiwa kwamba haupigiki bila kusaidiwa, ulipigika.

Tusiwahukumu marafiki hawa kwa ukali. Bila wao huenda muziki wa Bruckner ungekaa sandukuni muda mrefu zaidi. Lakini msaada wao ulikuwa na upungufu mmoja: hawakumwambia msomaji. Mtu akikusaidia kuandika barua, hilo ni jema. Akiongeza maneno yake na kutia sahihi yako, hapo pana shida.

Wasia wa mtungaji

Bruckner mwenyewe alilijua jambo hili. Mwaka 1893 aliandika wasia wake. Ndani yake aliagiza kwamba miandiko yake ya mkono ipelekwe kuhifadhiwa katika Maktaba ya Kaisari mjini Vienna, ambayo leo ni Maktaba ya Taifa ya Austria. Hakugombana na rafiki zake, wala hakuzichoma chapa zao. Aliweka karatasi zake mahali pa salama, zingoje.

Zilingoja karibu miaka 40. Tangu miaka ya 1930, Robert Haas, aliyekuwa mkuu wa sehemu ya muziki katika maktaba hiyo, alianza kutoa matoleo mapya kutoka miandiko ile. Kwa mara ya kwanza watu wengi waliweza kusoma alichokiandika Bruckner mwenyewe. Ilikuwa kazi kubwa na ya heshima.

Lakini sikilizeni yaliyotokea. Haas alipoitoa simfoni ya nane, mwaka 1939, alichukua andiko la 1890, kisha akarudisha ndani yake vipande vilivyokatwa kutoka andiko la 1887. Yeye aliamini kwamba Bruckner alivikata kwa kushurutishwa na wengine, si kwa hiari yake. Pengine moyo wake ulikuwa mwema, na vipande vile ni vizuri kweli. Lakini matokeo yake ni simfoni ambayo Bruckner hakuiandika hivyo siku yoyote ya maisha yake. Yule aliyekuja kuondoa mikono ya watu wengine ameacha na wake.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, kazi ilichukuliwa na Leopold Nowak. Kanuni yake ilikuwa nyingine: kila andiko litolewe peke yake, lisichanganywe. Basi akatoa andiko la 1890 mwaka 1955, na lile la 1887 mwaka 1972. Hata hivyo toleo la Haas halikufa. Viongozi wengi wa okestra wamelipenda na kulipiga, kwa sababu masikio yao yanasema ndilo zuri kuliko yote. Kwa hiyo ukisikia leo simfoni ya nane ya Bruckner, unaweza kusikia mojawapo ya hizo tatu, na lazima uulize ni ipi.

Kipande cha karatasi

Mfano wa mwisho ni mdogo, lakini naupenda kuliko yote.

Simfoni ya saba ilipigwa mara ya kwanza mjini Leipzig tarehe 30 Desemba 1884, chini ya Arthur Nikisch. Katika sehemu ya pili, ile ya polepole, muziki hupanda na kupanda mpaka kilele. Hapo kileleni, katika matoleo mengine, matoazi hulia mara moja. Pigo moja tu katika simfoni nzima. Mpiga matoazi huketi kimya muda mrefu, hupiga mara moja, kisha huketi tena mpaka mwisho.

Je, Bruckner alilitaka pigo hilo? Ukifungua mwandiko wake, huoni matoazi kwenye ukurasa wenyewe. Yako juu ya kipande cha karatasi kilichobandikwa ubavuni, pamoja na ngoma na pembetatu ya chuma. Na juu ya kipande hicho mtu ameandika kwa Kijerumani maneno mawili yenye maana kwamba haya hayahesabiwi.

Ziko barua pia. Josef Schalk alimwandikia ndugu yake Franz mapema mwaka 1885 kwamba Nikisch ameshikilia pigo la matoazi walilolitamani likubaliwe. Basi inaonekana fikira hiyo ilitoka kwa marafiki.

Haas aliyatazama hayo yote, akayaondoa matoazi katika toleo lake la 1944. Nowak aliutazama ukurasa uleule. Yeye alisema maneno yale mawili ya kukataza si mwandiko wa Bruckner, akayarudisha matoazi katika toleo lake la 1954. Watu wawili wenye elimu, karatasi moja, majibu mawili. Na kwa sababu ya majibu hayo, ukumbi mmoja husikia kishindo mahali ambapo ukumbi mwingine hausikii.

Tunajifunza nini?

Tukitazama tena habari hizi, tunaona kwamba chapa moja huweza kutofautiana na nyingine kwa sababu tatu. Kwanza, mtungaji mwenyewe hubadili nia. Pili, marafiki na wanafunzi humsaidia, na msaada wao huingia ndani ya kazi. Tatu, mhariri wa baadaye huchagua, na kila uchaguzi wake ni fikira yake.

Watu wengine wakiyasikia haya husema, "Basi vitabu vyote ni uongo." La, sivyo. Miandiko ya Bruckner iko. Ndiyo iliyowawezesha watu kugundua yaliyofanyika. Kama karatasi zisingehifadhiwa, kosa lingekuwa kweli milele. Anayeuliza kuhusu kitabu hakidharau. Anakisoma kwa makini.

Kwa hiyo, ukishika maandishi yoyote ya maana, uliza maswali manne. Nani aliandika kwanza? Nani alibadilisha baadaye, na kwa idhini ya nani? Hii ni ya mwaka gani? Karatasi ya asili iko wapi, na naweza kuiona? Maswali haya yanafaa kwa muziki wa Vienna, na yanafaa vilevile kwa kumbukumbu za mkutano wa chama cha ushirika, kwa katiba ya chama chenu cha mazishi, na kwa mapatano ya shamba. Ukiambiwa, "Limeandikwa," uliza kwa adabu, lakini uliza.

Nanyi mnaoandika, kumbukeni upande wa pili. Mkirekebisha maandishi ya mtu, andikeni pembeni jina lenu na tarehe. Na msitupe karatasi ya kwanza. Mwaka 2024 ilitimia miaka 200 tangu Bruckner azaliwe, na hata mwaka huo toleo jipya la kazi zake lilikuwa likiendelea kutayarishwa Vienna, kutoka karatasi zilezile alizoagiza zihifadhiwe.

 

Maneno magumu

Andiko: namna moja ya kazi, kama mtungaji alivyoiandika wakati fulani.
Kipimo: kipande kidogo cha muziki kati ya mistari miwili ya kusimama.
Matoazi: vyombo viwili vya shaba, kama sahani, vinavyogonganishwa.
Mhariri: mtu anayetayarisha maandishi kabla hayajapigwa chapa.
Mnakili: mtu anayeandika nakala kutoka karatasi nyingine.
Toleo: kitabu kama kilivyotayarishwa na kupigwa chapa na mhariri fulani.
Wasia: maagizo ya mtu kuhusu mali yake baada ya kufa.

Maswali ya kuzungumza

1. Kwa nini Bruckner aliiandika upya simfoni yake ya nane?
2. Franz Schalk alibadilisha nini katika simfoni ya tano? Je, alifanya vema? Toeni sababu za pande zote mbili.
3. Haas na Nowak walitofautiana katika kanuni gani?
4. Ungekuwa wewe ndiye mhariri wa simfoni ya saba, ungeyaacha matoazi au ungeyaondoa? Kwa nini?
5. Kazi ya nyumbani: Waombe watu wawili, kila mmoja peke yake, wakusomee au wakuimbie wimbo uleule wa kwenu. Andika maneno ya kila mmoja. Pigia mstari mahali wasipopatana, kisha uulize kila mmoja alijifunza kwa nani.